Bampa Moja, Bei Tatu: Unacholipia Gari Likipigwa Rangi

Harrier nyeupe ya lulu imekwaruzwa pembeni mwa bampa la mbele na nguzo ya geti. Mkwaruzo wenyewe hauzidi kiganja cha mkono, na plastiki haijapasuka. Fundi wa kando ya barabara Tabata, Dar es Salaam, anakuambia uliache gari asubuhi, saa kumi jioni uje uchukue. Gereji ya pili, yenye uzio na bati juu, wanataka siku mbili na pesa karibu mara mbili. Ya tatu, yenye chumba cha kupulizia rangi na oveni ya kukaushia, wanataka siku nne, na bei yao inakufanya uulize kama humo ndani kuna bampa jipya. Wote watatu wanakuahidi jambo lilelile: litarudi kama lilivyotoka kiwandani.

Hapo wengi wetu huamua kwa bei peke yake, kwa sababu hakuna kingine cha kulinganisha. Tofauti hasa iko kwenye vitu vitakavyolala chini ya rangi, na siku ya kukabidhiwa gari vitu hivyo havionekani. Siku hiyo mabampa yote matatu yatang'aa. Kinachoyatofautisha ni miezi inayofuata: jua la mchana kutwa, mashine ya presha ya waosha magari, mguso mdogo kwenye foleni. Kwa hiyo mwenye gari anayetaka kulipa kwa haki, bila kupunjwa na bila kumpunja fundi, inabidi ajue kazi inavyokwenda hatua kwa hatua, na hasa ajue ni saa ngapi aende kutazama.

Plastiki isiyotaka kushikwa

Bampa la zamani lilikuwa chuma kilichopakwa kromu, na fundi alilinyoosha kwa nyundo. Mwaka 1968 Pontiac GTO ilitoka Marekani na bampa la mbele laini lenye rangi ya gari lenyewe. Mwaka 1972 Renault 5 ikatoka Ufaransa na mabampa ya plastiki. Magari ya mwaka 1973 Marekani yakakutwa na kanuni mpya: bampa la mbele lihimili kugonga kizuizi kwa maili 5 kwa saa, yaani kilomita 8 hivi, bila taa na vifaa vingine vya usalama kuharibika. Tangu hapo viwanda vikazidi kuhamia kwenye plastiki. Kinachoonekana leo mbele ya gari ni ganda tu, na mhimili wa chuma au alumini unaobeba kishindo umejificha nyuma yake.

Ganda hilo likishafunguliwa, ligeuze utazame ndani. Utakuta herufi zimechorwa kwenye plastiki yenyewe kati ya alama mbili za mshale, mfano >PP+EPDM< au >PP+E/P-TD20<. PP ni polipropilini. EPDM ni aina ya mpira uliochanganywa humo ili ganda lipinde bila kuvunjika. TD20 ina maana kwamba asilimia 20 ya mchanganyiko ni unga wa talki, unaoongeza ugumu. Kwa fundi rangi, herufi hizo mbili za kwanza ndizo habari kubwa kuliko zote.

Polipropilini ndiyo plastiki inayotengenezwa viti vile vya kukodisha kwenye harusi na misiba, na haipendi kushikwa na kitu. Gundi haikamati vizuri, rangi haikamati vizuri, hata maji hayatandazi juu yake bali yanajikusanya matone. Ukipuliza rangi ya gari moja kwa moja juu ya polipropilini tupu, itakauka, itang'aa, na baada ya muda utaweza kuinua ukingo wake kwa kucha na kuivuta kama karatasi. Ukiona bampa mtaani ambalo rangi imebanduka vipande vipande na chini yake kuna weusi mtupu wa plastiki, hiyo ndiyo stori yake. Watu husema rangi ilikuwa mbovu. Mara nyingi rangi haikuwa na tatizo lolote, ila haikuwekewa cha kushikia.

Cha kushikia hicho ni praima ya plastiki: kimiminika chepesi, mara nyingi kisicho na rangi au chenye ufedha kidogo, kinachopulizwa tabaka jembamba sana juu ya plastiki tupu. Kazi yake ni kukubaliana na polipropilini upande wa chini na kukubaliana na rangi upande wa juu. Ina masharti. Tabaka likiwa nene halishiki vizuri zaidi, linashika vibaya zaidi. Na ina muda wake: bidhaa nyingi zinataka tabaka linalofuata lipulizwe ndani ya dakika chache zilizoandikwa kwenye kopo, kabla uso wake haujalala. Fundi akiipuliza kisha akaenda kula, amepoteza praima na muda.

Hapa kuna jambo ambalo hata mafundi hubishana. Praima hii inahitajika pale plastiki tupu ilipoonekana. Bampa ambalo bado lina rangi ya kiwandani, imara, iliyopigwa msasa vizuri, halina haja ya praima ya plastiki sehemu hiyo, kwa sababu rangi mpya inashika rangi ya zamani, na rangi ya zamani ilishashikishwa kiwandani. Kwa hiyo fundi anayekuambia haitumii kwenye mkwaruzo mdogo usiofika kwenye plastiki hakudanganyi. Anayekwambia hivyo wakati sehemu ya ukubwa wa sahani imekwanguka hadi weusi, huyo mwulize tena.

Siku nzima kabla ya rangi

Kazi inaanza na sabuni na maji, na hapa pana adui asiyeonekana: silikoni. Imo kwenye dawa za kung'arishia tairi na dashibodi, na kwenye polishi nyingi zinazouzwa kwa wapita njia kwenye mataa. Chembe yake ikibaki, rangi inaikimbia na kuacha kishimo cha mviringo, na vishimo hivyo mafundi huviita macho ya samaki. Haiondoki kwa kusugua msasa. Msasa unaisambaza na kuizamisha. Lazima iondolewe kwanza kwa dawa ya kutoa mafuta, kwa vitambaa viwili: kimoja kinapaka, cha pili kikavu kinafuta kabla dawa haijakauka. Kitambaa kimoja kilichochovywa petroli, ambacho ndicho utakachokikuta gereji nyingi, kinahamisha uchafu kutoka kona moja kwenda nyingine na kuacha mafuta ya petroli yenyewe.

Kisha msasa. Namba ndogo ni msasa mkali, namba kubwa ni laini. Palipokwaruzika sana fundi anaweza kuanza na P180, akaenda P320, akamalizia uso mzima kwa P600 au P800 wa maji. Kila namba inafuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Fundi mwenye haraka anaruka kutoka 180 hadi rangi, na siku ya kwanza huoni kitu kwa sababu rangi imejaa kwenye mifereji. Wiki kadhaa baadaye rangi inakauka mpaka ndani, inasinyaa, na mistari ya msasa inaibuka juani. Kwenye kona za grili, pembeni mwa taa za ukungu na kwenye kingo zinazoingia chini ya fenda, msasa wa kufungia kwenye kibao haufiki, inabidi vidole. Mabampa mengi huanza kubabuka kwenye kona hizo. Ukitaka kujua fundi ni wa namna gani, usitazame katikati ya bampa, tazama kona.

Puti, ile rojo ya kujazia mabonde, nayo ina ya kwake. Ile ya kawaida, inayotumika kwenye mabati ya gari, ikikauka ni ngumu kama chokaa, na bampa linapinda. Mtu akiegemea, au gari likigusa ukingo wa barabara, plastiki inarudi mahali pake na puti inapasuka. Ipo puti ya mabampa, inayonyumbuka, na hata hiyo huwekwa tabaka jembamba la kusawazisha mikwaruzo. Haijengi upya pembe iliyokatika.

Palipopasuka, ufa unachomelewa kwa joto na fimbo ya plastiki ya aina ileile iliyoandikwa nyuma ya ganda, PP kwa PP, au unashonwa kwa pini za chuma zinazopashwa moto na kuzamishwa kwa ndani. Mafundi wetu wana ustadi mkubwa kwenye kazi hii, na nimeona bampa lililogawanyika vipande vitatu likirudi kuwa moja na kupita ukaguzi wa macho makali. Lakini mwisho wa ufa lazima utobolewe kitundu kidogo ili usiendelee kutembea, na mshono lazima uwe pande zote mbili. Ufa uliofunikwa kwa puti kwa mbele tu utarudi pale pale.

Nikiruhusiwa kutoa ushauri mmoja tu katika makala hii yote, ni huu: nenda gereji kabla rangi haijapulizwa. Mwambie fundi tangu mwanzo, kwa heshima, "Fundi, ukimaliza kupiga msasa na praima nipigie, nije nione kabla hujapuliza." Fundi mzuri hakasiriki. Anapenda mtu aione kazi ambayo huwa haionwi na mtu. Ukifika, pitisha kiganja juu ya bampa lote. Mkono unahisi bonde na mwinuko ambavyo jicho haliyaoni kwenye uso usiong'aa, na klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi linalotoa mng'ao, ikishapigwa, jicho litayaona yote.

Tabaka tatu, na kopo dogo la pembeni

Kuna familia mbili za rangi zinazopulizwa gereji zetu, na hapo ndipo bei zinapoachana kabisa.

Ya kwanza hukauka kwa tina, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi, kuruka hewani, basi. Ni kizazi cha rangi za selulosi zilizobadilisha viwanda vya magari mwaka 1923, pale kampuni ya DuPont ya Marekani ilipotoa Duco na gari la Oakland likawa la kwanza kuipakwa. Kabla yake kupaka gari kulichukua majuma, na Duco ikashusha muda huo mpaka siku chache. Jina lake bado liko midomoni mwa mafundi wa Afrika Mashariki. Ni ya bei nafuu, inasamehe makosa, inakauka ukiwa unaitazama. Lakini kilichokauka kwa tina kuondoka kinayeyuka tina ikirudi. Inapauka mapema juani na inahitaji kung'arishwa mara kwa mara.

Ya pili ni ile wanayoiita tukei, yaani yenye sehemu mbili: klia kwenye kopo kubwa na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, kwenye kopo dogo. Zikichanganywa, zinaanza kushikana kikemia na kuwa kitu kipya kisichoyeyuka tena. Kipimo kiko kwenye kopo, mara nyingi klia mbili kwa hadina moja, na si jambo la kukadiria kwa macho. Hadina ikipungua, uso unabaki laini na unaweka alama ya kidole. Ikizidi, uso unakuwa mgumu mno na kwenye bampa linalopinda utapasuka. Baadhi ya watengenezaji wanataka pia iongezwe dawa ya kunyumbuka kwa sehemu za plastiki. Hadina inakula unyevu wa hewa, kwa hiyo kopo lililofunguliwa wiki mbili zilizopita na kuzibwa kwa kitambaa, hapa Dar es Salaam, limeshaharibika hata kama bado ni kimiminika.

Namna ya kujua umepigiwa ipi ni rahisi, ila omba ruhusa kwanza. Chovya pamba kwenye tina, sugua kidogo mahali pasipoonekana, mfano ukingo wa ndani chini ya bampa, siku mbili tatu baada ya kazi. Rangi ikihamia kwenye pamba, ni ya familia ya kwanza, au hadina haikuwekwa inavyopaswa. Isipohama, umelipia tukei na umepata tukei. Hakuna ubaya wowote kuchagua ile ya bei nafuu kwa gari la kazi. Ubaya ni kulipa bei ya moja ukapewa nyingine.

Kwenye kazi ya tabaka kamili kuna praima chini, rangi yenyewe katikati, na klia juu. Rangi yenyewe haing'ai, ikikauka huwa na uso wa chaki. Mng'ao wote na kinga yote dhidi ya jua ni klia. Klia hiyo ikipigwa mara mbili inakuwa na unene wa maikroni 40 hadi 60 hivi, ambao ni chini kidogo ya unene wa unywele. Ndiyo sababu mtu anayeng'arisha gari kwa mashine kila mwezi anakuja kushangaa sehemu fulani imefubaa: ameshaimaliza klia.

Namba ni sahihi, rangi imekataa

Malalamiko makubwa kuliko yote ni haya: bampa halifanani na gari. Mteja anamwambia fundi umechanganya vibaya, fundi anasema nimetumia namba ya kiwandani. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli.

Namba ipo. Kwenye Toyota nyingi itafute kwenye kibao kilichoko chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, pameandikwa COLOR au C/TR, na herufi au tarakimu zilizo kabla ya mkwaju (/) ndizo za rangi. 040 ni nyeupe isiyo na kumetameta. 1F7 ni fedha. 209 ni nyeusi yenye vumeta. 070 ni nyeupe ya lulu, na hiyo nitairudia. Duka la kuchanganya rangi linaingiza namba hiyo na kupima kila rangi kwa mizani, gramu kwa gramu.

Lakini namba moja ina watoto wengi. Viwanda viwili vinavyotengeneza gari lilelile, au kiwanda kimoja katika miaka tofauti, havitoi rangi iliyo sawa kabisa, kwa hiyo watengenezaji wa rangi huwa na matoleo kadhaa ya namba moja: lenye unjano kidogo, lenye ubluu kidogo, jeusi zaidi ukitazama kwa ubavu. Duka zuri lina kadi za matoleo hayo na litakuja nazo hadi kwenye gari. Halafu gari lenyewe limezeeka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, Tanzania yanaingia hata ya zamani zaidi, na kwa vyovyote gari lililotoka Japani limeshapigwa na jua miaka mingi kabla hujalikwaruza. Namba inasema lilivyokuwa siku ya kuzaliwa.

Kuna na siri nyingine: hata likiwa jipya, bampa na bodi mara nyingi havikufanana sawasawa. Bodi ya chuma inapakwa na kuokwa kwenye joto la nyuzi 140 na zaidi. Ganda la plastiki lingelegea humo, kwa hiyo linapakwa peke yake, mara nyingi kwa rangi ya aina nyingine, na kukaushwa kwa nyuzi 80 hivi. Simama mbele ya gari jipya la fedha saa nne asubuhi, tazama mahali boneti inapokutana na bampa. Mara nyingi utaona kivuli kidogo cha tofauti ambacho hakuna aliyekilalamikia.

Rangi za kumetameta zina vipande vidogo vidogo vya alumini, na namna vilivyolala ndiyo rangi unayoiona. Fundi akipuliza rangi ikiwa majimaji, bunduki ya kupulizia ikiwa karibu, vipande vinazama na kusimama, rangi inakuwa nzito na nyeusi zaidi. Akipuliza kwa ukavu, kwa upepo mwingi na kutoka mbali, vinalala karibu na uso, rangi inang'aa na kuwa nyepesi. Kopo moja, mkono mmoja, rangi mbili. Ndiyo maana bampa lililofunguliwa na kulazwa mezani wakati wa kupulizwa linaweza kukataa likirudishwa wima kwenye gari. Linatakiwa lisimamishwe kwenye stendi kama litakavyokaa barabarani.

Sasa ile 070. Lulu haitoki kwenye kopo moja. Kwanza fundi anapuliza nyeupe tupu, isiyo na uhai, kama ya ukuta. Juu yake anapuliza tabaka la lulu, ambalo ukilitazama kwenye kikombe ni kama maziwa yaliyotiwa maji mengi, linapitisha mwanga. Kisha klia. Mwanga unapita klia, unapita lulu, unagonga nyeupe, unarudi. Kwa hiyo idadi ya mapito ya lulu inabadilisha rangi: pito moja limebaki nyeupe ya baridi, la pili linaanza kuwa na krimu, la tatu limezidi kina, la nne huenda limeshapita gari. Fundi anayeijua kazi hii hapulizi bampa kwanza. Anachukua vipande vya bati au kadi, anaviwekea nyeupe, halafu cha kwanza anakipa pito moja la lulu, cha pili mawili, cha tatu matatu, anavipiga klia vyote, anavikausha, ndipo anavipeleka nje kuviegemeza kwenye fenda. Anavitazama juani, anavitazama kivulini, anainama kutazama kwa ubavu. Kile kinachopotea machoni ndicho kinachomwambia apite mara ngapi. Kazi hiyo ya vipande peke yake ni nusu siku, na ndiyo sehemu ya bei ambayo mteja wa Harrier yetu aliiona kama wizi.

Na bado kuna rangi ambazo haziwezekani kulinganishwa bila kugusa jirani. Hapo fundi anapuliza bampa, kisha anaififisha rangi kidogo kidogo kwenye ncha za fenda na kupiga klia fenda nzima, ili jicho lisikute mpaka. Ukiona kwenye makadirio pameandikwa fenda mbili wakati ulikwaruza bampa tu, uliza sababu kabla ya kukasirika. Kwa nyeupe ya 040 hakuna haja. Kwa lulu, kwa fedha, kwa nyekundu ya Mazda ya namba 46V, mara nyingi ipo.

Mpokee fundi kazi mchana, nje. Rangi mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya taa ya gereji na kuachana juani, kwa sababu zimetengenezwa kwa mchanganyiko tofauti. Kukabidhiana gari saa moja usiku ni kukabidhiana ugomvi wa kesho.

Hewa ya pwani

Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar hewa ni nzito kwa unyevu, na kompresa inaikusanya na kuibana mpaka maji yanatiririka ndani ya tangi. Yasipotolewa kila asubuhi na bomba lisipokuwa na kichujio, yanatoka na rangi na kuacha malengelenge yatakayovimba baadaye. Tina ya haraka siku yenye unyevu inapoza uso ghafla, mvuke unaganda juu ya rangi na kuacha ukungu mweupe. Fundi wa Nairobi mwezi wa saba ana tatizo la kinyume: baridi, klia haikauki, inatiririka kama machozi. Ndiyo maana tina na hadina zinatengenezwa za haraka na za polepole, na kuchagua ni sehemu ya ufundi. Wakati wa masika, kama gereji haina chumba, subiri. Mkwaruzo hautaenda popote.

Pumzi ya fundi

Hili silisemi kwa kupita. Hadina ina kemikali za jamii ya isosianeti. Zikipulizwa zinageuka ukungu mwembamba usioonekana, unaobaki hewani hata baada ya bunduki kuzimwa, na harufu yake haitoshi kumwonya mtu. Zinasababisha pumu. Nchini Uingereza zimo kati ya visababishi vikuu vya pumu itokanayo na kazi, na wapuliza rangi za magari ni miongoni mwa wanaoumia zaidi. Mapafu yakishazichukia, kiasi kidogo sana kinatosha kumwangusha mtu, na wengi wanalazimika kuacha kazi waliyoijua maisha yao yote.

Barakoa ya kitambaa au karatasi haizuii kitu. Kinachotakiwa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, na kwa uchache kabisa ile yenye vichujio vya mkaa vinavyobadilishwa kwa wakati, pamoja na glavu na miwani. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayomtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Kijana anayejifunza kazi, anayeshika taa huku mwalimu wake akipuliza klia, ndiye anayevuta zaidi na kulipwa kidogo zaidi. Sehemu ya bei ya ile gereji ya tatu ni barakoa hiyo na feni za chumba. Mimi sehemu hiyo nailipa bila kubembeleza punguzo, na ningeomba wengine wafanye vivyo hivyo. Usisimame na mtoto karibu na mahali wanapopuliza, hata kama fundi mwenyewe amezoea.

Kabla na baada

Kuna makosa ambayo hayahitaji rangi kabisa. Pitisha kucha juu ya mkwaruzo: kucha isipokwama, huenda ni klia tu iliyochubuka au rangi ya ukuta iliyoganda juu, na polishi inatosha. Bampa lililovunjika masikio ya kufungia, kwa upande mwingine, wakati mwingine ni nafuu kulibadilisha kwa lililotumika, kutoka Gerezani Dar es Salaam, Grogan Nairobi au Kisekka Kampala. Hata ukipata la rangi yako, kumbuka limezeekea jua jingine. Jipya lisilo la kiwanda cha gari huja na rangi nyeusi au ya kijivu juu yake. Lisugue kwa tina: ikitoka, ni lazima iondolewe yote kabla ya praima, na hiyo ni saa nyingi za kazi ambazo lazima ziwe kwenye bei.

Magari mapya zaidi yana rada za kuangalia pembeni zilizofichwa nyuma ya pembe za bampa la nyuma. Rada hutazama kupitia plastiki na rangi, na puti nene au tabaka juu ya tabaka za rangi yenye alumini vinaipofusha. Watengenezaji wengi hawaruhusu puti sehemu hiyo. Sensa za kuegeshea gari zichomolewe, zisipulizwe zikiwa mahali pake, na zikipakwa iwe tabaka moja jembamba.

Bampa lifunguliwe. Likipulizwa likiwa kwenye gari, rangi inaishia kwenye mstari wa tepu, na kwenye mstari huo ndipo maji ya presha yatakapoingilia. Hakikisha klipsi zilizovunjika zimebadilishwa, maana nafasi isiyolingana kati ya bampa na fenda inafanya hata rangi sahihi ionekane tofauti.

Ukishalichukua, klia iliyookwa kwa nyuzi 60 kwa nusu saa iko tayari kwa barabara siku hiyohiyo. Iliyokaushwa kwa hewa inahitaji siku kadhaa kabla ya kuguswa hovyo. Kwa vyovyote, wiki mbili za kwanza osha kwa mkono, maji na sabuni laini. Mashine ya presha ikae mbali na kingo. Polishi ya nta isubiri mwezi mmoja, kwa sababu tina iliyobaki ndani bado inatafuta njia ya kutoka. Kinyesi cha ndege na utomvu wa mwembe vifutwe siku hiyohiyo. Na mwombe fundi akuachie rangi iliyobaki kwenye kikopo kidogo kilichofungwa vizuri, kikiwa kimeandikwa namba, toleo na idadi ya mapito. Mwenye nguzo ya geti pale mlangoni ataihitaji tena.